Kuunda gari la wanafunzi linalokula mafuta kidogo: mwongozo kutoka Malindi

Kifaa cha kwanza ninachowaambia vijana wanunue wakitaka kuingia kazi hii ni mizani ya samaki. Ile ya kuning'iniza, yenye ndoana chini, ambayo wachuuzi hupimia changu na tafi. Spana mtaazima na injini inaweza kungoja, lakini mizani muwe nayo siku ya kwanza. Mtakayopigana nayo ni uzito, msuguano na upepo, na msipovipima hamtajua kama mmevipunguza au mmejichosha bure.

Mashindano yenyewe huwa hivi. Wanafunzi wanaunda gari dogo la mtu mmoja. Siku ya siku magari yote yanazunguka umbali uleule ndani ya muda uliowekwa, kisha inapimwa kila gari limetumia mafuta au umeme kiasi gani. Wa kwanza kufika hapati chochote. Aliyetumia kidogo ndiye mshindi.

Jambo hili lilianza kama ubishi wa watu wa kazi moja. Mwaka 1939, wanasayansi wa maabara ya Shell huko Wood River, jimbo la Illinois nchini Marekani, waliwekeana dau nani kati yao atakwenda mbali zaidi kwa galoni moja ya petroli, na aliyeshinda alipata kama kilomita 21 kwa lita. Mwaka 1985 ubishi huo ukawa mashindano ya wanafunzi nchini Ufaransa, ndiyo Shell Eco-marathon inayojulikana leo. Marekani nako yalianza mengine mwaka 1980, Supermileage ya SAE, chama cha wahandisi wa magari. Mwaka 2005 wanafunzi wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, waliendesha gari lao la hidrojeni, PAC-Car II, wakafikia kilomita 5,385 kwa nishati inayolingana na lita moja ya petroli.

Msitishwe na namba hiyo. Wale walikuwa na maabara. Sisi Malindi tuna mafundi wa boti za faiba, mafundi wa alumini wanaotengeneza madirisha, makanika wa tuktuk na pikipiki kila kona, na vijana wenye subira. Nimeshaona kazi hiyo ikifanywa na mikono hiyo hiyo.

Fanyeni hesabu kabla ya kushika chuma

Chukueni gari na dereva wake, jumla kilo 100. Matairi mazuri ya baiskeli yaliyojazwa upepo sawasawa hulivuta gari nyuma kwa nguvu ya kama sehemu 5 kwa 1,000 ya uzito wake, yaani sawa na kuning'iniza nusu kilo. Kwa kipimo cha nguvu, hiyo ni nyutoni 5 hivi. Gari likiwa na umbo zuri, hewa inaongeza kama nyutoni 3 kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Jumla 8. Basi hizo ndizo nyutoni injini yenu inazopaswa kushinda, na kijana anaweza kuzishinda kwa kidole kimoja.

Lita moja ya petroli ina nishati ya jouli milioni 33 hivi, na jouli moja ni kusukuma kwa nyutoni moja umbali wa mita moja. Injini ndogo ikifanya kazi vizuri hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa mwendo, na nyingine yote inakwenda na joto na moshi. Sehemu hiyo ya tano ni milioni 6.6; igawanyeni kwa 8, mtapata mita 825,000. Ni kilomita 825 kwa lita. Kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120, kwa hiyo lita moja ingewatosha kwenda na kurudi mara tatu na mafuta yakabaki.

Hamtafika hapo mwaka wa kwanza. Gari letu la kwanza lilitupatia chini ya kilomita 150 kwa lita, na tulishangilia kama wendawazimu kwa sababu bodaboda ya mwenzetu ilikuwa inatoa hamsini na kitu. Lakini hesabu ile tuliibandika ukutani, na kila tukikaa kubishana kuhusu kitu fulani tuliuliza: kinagusa zile 5, kinagusa zile 3, au kinagusa ile sehemu moja ya tano? Kisipogusa popote, kiachwe.

Wanaotaka kwenda kwa umeme, hesabu ni hiyohiyo. Yuniti moja ya tokeni ni jouli milioni 3.6. Mota nzuri pamoja na kidhibiti chake hugeuza kama asilimia 80. Gawanyeni kwa 8, ni kilomita 360 kwa yuniti moja, ambayo pasi ya nguo inaimaliza ndani ya saa moja. Kwa wanaoanza na wasio na makanika karibu, mimi ningewashauri umeme, kwa kuwa mambo ya kuharibika ni machache. Lakini mafuta yanafundisha zaidi, na mwongozo huu unafuata mafuta.

Kanuni zisomwe neno kwa neno

Someni kanuni za mashindano mnayoyaendea, za mwaka huohuo, kwa kuwa hubadilika. Gawaneni kurasa, kila mmoja awaeleze wenzake ukurasa wake kwa Kiswahili. Asiyeweza kuueleza hajauelewa.

Shell Eco-marathon ina madaraja mawili. Prototype ni magari ya majaribio, mara nyingi ya magurudumu matatu, dereva amelala chali. Urban Concept yanafanana na gari la mjini: magurudumu manne, taa, dereva ameketi. Anzeni na la kwanza. Kwa miaka mingi vipimo vyake vimekuwa hivi: uzito usiozidi kilo 140 bila dereva, kimo chini ya mita 1, urefu usiozidi mita 3.5, upana usiozidi mita 1.3, na nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma isipungue mita 1. Dereva asiwe chini ya kilo 50. Akipungua, gari linaongezewa uzito wa kufidia. Kwa hiyo msitafute mtoto mwembamba kuliko wote. Tafuteni wa kilo 50 na kidogo, mwenye utulivu.

Hizo kilo 140 ni ukomo, na haifai kuzifanya lengo. Hapa jirani yetu Ngomeni, kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini, setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 ikiwa na uzito wa kilo 140 hivi, pamoja na vifaa vyake vya kunasa miale ya eksi kutoka angani. Huwaambia wanafunzi wangu hilo kila mwaka. Walioituma walijua uzito wa kila skrubu, na nyinyi mjue wa gari lenu.

Fremu

Lengeni gari zima kilo 50. La kwanza letu lilikuwa kilo 92, kwa sababu tulichomelea mabomba ya maji yaliyokuwa yamebaki kwenye ujenzi wa darasa. Yalikuwa ya bure, na ile bure ndiyo iliyotugharimu.

Njia iliyotufaa baadaye ni ya kiboti. Sakafu ni plaiwudi nyembamba ya milimita 4, imepakwa faiba juu na chini, na kingo zake zimeinuliwa kama ubavu wa mtumbwi. Inapata ugumu kutokana na umbo, wala haihitaji chuma chini yake. Pale panapofungwa magurudumu na injini ndipo tunaongeza alumini, tena ile ya madirisha, kwa ribiti na bolti. Alumini kuichomelea kunataka mashine na mkono wa mtu aliyezoea. Fundi akikuambia anaweza kwa mashine ya kawaida ya chuma, mshukuru uondoke.

Mmoja wenu awe mweka daftari. Kazi yake ni kutundika kila kitu kwenye mizani kabla hakijafungwa: bolti, waya, hata gundi iliyokauka. Tulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyeifanya kazi hiyo kwa ukali hadi wavulana wakawa wanamwogopa. Siku moja alikataa kiti cha dereva kilichoshonwa vizuri na sponji ndani, kilo 2 na gramu 300. Akaenda akarudi na wavu wa kuvulia, akaukaza kwa kamba pande zote. Gramu 400, na dereva alipata hewa mgongoni. Ule wavu tunautumia hadi leo.

Magurudumu, na hapa tulieni

Zile nyutoni 5 ziko hapa, na hapa ndipo vikundi vingi hupoteza bila kujua.

Wekeni magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Yale ya inchi 20 ya baiskeli za watoto ni imara kuliko makubwa gari likikata kona, kwa kuwa gari letu haliinami kama baiskeli na spoki zinasukumwa upande. Ya viti vya magurudumu nayo ni mazuri kwa mbele, kwa sababu ekseli yake imezoea kushikwa upande mmoja. Jazeni upepo hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, mpime kwa geji. Kubonyeza kwa kidole gumba kusiwe kipimo chenu.

Beringi zisafisheni kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote itoke, kisha tieni matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani. Zungusheni gurudumu kwa mkono, mtaona linavyochelewa kusimama. Lakini ndugu zangu, sisi tuko pwani. Beringi isiyo na grisi inaliwa na chumvi ya hewani upesi sana, kwa hiyo baada ya kila siku ya majaribio zifutwe na kupakwa tena. Kikundi cha bara hakina shida hiyo; cha Malindi kisipokuwa nayo makini kitanunua beringi kila mwezi.

Kisha unyoofu. Magurudumu mawili ya mbele yakitazamana hata kidogo, au yakipishana, yanakwenda yakijikwaruza. Chukueni mshipi wa kuvulia, ule mwembamba, mvute kutoka gurudumu moja hadi la pili kwa usawa wa ekseli, mbele ya tairi, mtie alama. Fanyeni hivyohivyo nyuma ya tairi. Tofauti ya vipimo viwili isifike milimita 1. Dereva awe ndani ya gari mnapopima, maana akiingia fremu inapinda kidogo na kila kitu kinahama.

Halafu mvute gari zima kwa mizani. Mahali tambarare kabisa, dereva ndani, ndoana mbele, mtu mmoja anavuta taratibu kwa mwendo usiobadilika na mwingine anasoma. Msisome pale gari linapoanza kuondoka, someni likiwa tayari linabingirika. Kwa kilo 100 mnatafuta nusu kilo au chini. Kwa gramu hizo, kama mizani yenu ya samaki ni ile kubwa ya sokoni haitaonyesha vizuri, ongezeni ndogo ya kupimia mizigo ya wasafiri. Vuteni kwenda na vuteni kurudi, mchukue wastani, maana macho hayajui mteremko mdogo lakini mizani inaujua.

Safari moja mizani ilitupa kilo 1 na gramu 100 na hatukuelewa. Tulibadilisha tairi, tukasafisha beringi upya, tukapima mshipi mara nne. Mwishowe yule msichana wa daftari akaja akagusa diski za breki kwa mgongo wa mkono baada ya gari kusukumwa mzunguko mmoja. Ya kushoto ilikuwa baridi, ya kulia ya moto. Kitambaa cha breki kilikuwa kinagusa diski kwa unene wa karatasi. Tulilegeza waya nusu mzunguko, mizani ikashuka hadi gramu 560. Tangu siku hiyo kugusa breki kwa mgongo wa mkono ni desturi kwetu kila baada ya jaribio.

Bodi: mtazameni jodari

Asubuhi na mapema nendeni boti zinapoteremsha samaki, mumuangalie jodari akiwa amelazwa. Kichwa cha duara kisicho kikali, unene mkubwa karibu theluthi ya kwanza na kidogo, kisha anapungua polepole hadi mkiani. Hewa hutaka umbo hilo. Kosa la wanaoanza ni kuchonga pua kali kama mshale halafu wakaukata mkia kwa ghafla. Hewa haijali sana pua, inajali mnavyoiaga nyuma. Magurudumu yafunikwe ndani ya bodi, na tumbo la gari liwe laini bila waya zinazoning'inia.

Kutengeneza kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya fundi wa mashua: kateni mataruma ya plaiwudi, yapangeni kwa umbo, mpigilie fito nyembamba kwa urefu, kisha mfunike kwa nailoni ngumu inayovutwa ikakaza. Ni nyepesi na rahisi, nasi bodi yetu nyepesi kuliko zote ilikuwa ya hivyo. Ubaya wake, nailoni ikipigwa na upepo wa ubavuni hutetemeka, na kokoto moja huitoboa.

Ya pili ni faiba ndani ya kalibu. Hapa mtafuteni fundi wa boti, mkae naye siku mbili mkimsaidia kazi yake kabla ya kuanza yenu. Fundi wa boti hupenda tabaka nene, kwa sababu boti yake inapigwa na mawimbi. Mweleze kwamba hii haitaingia majini. Kitambaa kimoja chembamba, na viwili penye kingo. Rezini, ile gundi ya maji inayolowesha kitambaa, ikizidi ndiyo inayoongeza uzito bure, kwa hiyo ikamueni kwa rola hadi kitambaa kionekane kimelowa tu bila kung'aa. Kwa joto letu hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, iwe karibu asilimia 1. Mkiweka 2 kama inavyoandikwa kwa nchi za baridi, itawagandia kwenye kopo kabla hamjamaliza upande mmoja. Fanyeni kazi hiyo kivulini, mapema asubuhi, mahali penye hewa. Vaeni glavu, barakoa na miwani. Ile hadina ikiruka jichoni ni jambo la hospitali papo hapo, na hapo sitanii na mtu yeyote.

Acheni matundu ya hewa. Dereva wetu analala ndani ya ganda la plastiki kwenye jua la Malindi kwa zaidi ya nusu saa. Tundu dogo usoni na jingine nyuma ya mabega litawagharimu mita chache, nanyi mkubali kuzilipa.

Injini

Tafuteni injini ndogo ya mipigo minne. Ile ya mashine ya kufyekea nyasi, ya sentimita za ujazo 35 hivi, inatosha kabisa, na kwa kuwa bustani za hoteli zimejaa mashine hizi, kuukuu hupatikana. Hakikisheni ni ya mipigo minne; ya mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, ina ulafi, na kanuni nyingi haziikubali. Injini ya pikipiki ya 100 inakwenda pia, ila ni nzito na kubwa kuliko haja.

Uwiano wa gia upigeni kwa hesabu. Gurudumu la inchi 20 lina mzunguko wa kama mita 1.5. Kwa kilomita 30 kwa saa linazunguka kama mara 333 kwa dakika. Mkitaka injini iwe kwenye mizunguko 5,000 hapo, mnahitaji 15 kwa 1, na hiyo haipatikani kwa cheni moja. Gawaneni kwa hatua mbili, kama 4 halafu 3.75.

Kwenye gurudumu la nyuma wekeni friwili ya baiskeli. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo, lakini bila hiyo mbinu yote ya kuendesha itashindikana, kwa kuwa gari litakuwa linaikokota injini iliyozimwa. Na kamba ya kuvutia haimsaidii dereva aliyelala. Fungeni mota ya drili ya betri iwe stata. Kabureta irekebisheni kidogokidogo huku mkiangalia rangi ya plagi: nyeusi ni mafuta mengi, nyeupe kabisa ni machache mno na injini itaungua, kahawia hafifu ndiyo mnayoitaka.

Kupima mafuta

Hapa nawaomba msome taratibu, kwa sababu nimeona watu wakisherehekea ushindi ambao ulikuwa joto tu.

Msitumie tangi. Tumieni chupa ndogo ya glasi yenye shingo nyembamba, na alama shingoni. Jazeni hadi alama kabla ya kuondoka. Mkirudi, jazeni tena hadi alamani kwa bomba la sindano, na kile kilichotoka kwenye bomba ndicho mlichotumia. Shingo ikiwa nyembamba, tone moja linaonekana.

Sasa angalieni. Petroli hutanuka kama sehemu 1 kwa 1,000 kwa kila digrii moja ya joto. Tuseme mna chupa ya mililita 250, mmejaza asubuhi petroli ikiwa digrii 25, mmerudi ni 35. Mafuta yaliyobaki yamevimba zaidi ya mililita 2. Mkienda kilomita 10 kwa gari la kilomita 400 kwa lita, mnatumia mililita 25 tu. Kwa hiyo jua limewapunguzia karibu asilimia 10 ya matumizi, na gari halijabadilika hata kidogo. Dawa yake ni chupa ndogo, mililita 100 au chini, iwe kivulini kabla na baada, na kipimajoto kisomwe mara zote mbili. Joto likitofautiana, rekebisheni kwa hesabu hiyohiyo.

Injini baridi hula zaidi, basi iwasheni dakika chache kabla ya kujaza hadi alama. Na jaribio moja si jaribio. Fanyeni matatu siku moja. Yakitofautiana sana, kuna kitu kimelegea.

Kuendesha

Mtoto anayeendesha ringi barabarani hapigi kila hatua. Anapiga, anaiacha ikimbie, ikikaribia kuanguka anapiga tena. Dereva wenu afanye hivyo. Anawasha injini, anafungua mafuta kwa nguvu hadi kilomita 30 au 35 kwa saa, anazima kabisa, gari linabingirika lenyewe mpaka 15 hivi, anawasha tena. Sababu yake ni kwamba injini ya petroli hufanya kazi vizuri ikibebeshwa mzigo wa kutosha. Ikiachwa iende polepole bila mzigo, sehemu kubwa ya mafuta inakwisha kwa kujizungusha yenyewe.

Kasi ya wastani inayotakiwa huwa karibu kilomita 25 kwa saa. Dereva awe na saa kifuani na ajue kila mzunguko anatakiwa kuumaliza kwa sekunde ngapi. Kuchelewa ni kufutwa, na kuwahi ni mafuta yaliyotupwa. Mzunguko wa mwisho, injini izimwe mapema kadiri iwezekanavyo, gari livuke mstari likiwa linakaribia kusimama. Ujuzi huo unataka mazoezi mengi, na ni raha kuutazama.

Upepo nao. Kusi ikishika, kuanzia saa nne asubuhi hamtapata kipimo cha kuaminika. Majaribio yetu tunayafanya mara tu kunapopambazuka, na tunaipenda miezi ya matlai, bahari inapotulia kati ya kusi na kaskazi. Mkilazimika kupima na upepo, nendeni pande zote mbili kwa idadi sawa.

Usalama

Breki mbili zisizotegemeana. Ukuta usioshika moto kati ya dereva na injini. Kofia ngumu, mkanda wa pointi tano, na upau wa kumkinga dereva unaopita juu ya kofia yake kwa sentimita 5. Kitufe cha kuzima injini ndani, na kingine nje ambacho mtu yeyote anaweza kukifikia. Kizimamoto kiwe karibu wakati wote mafuta yakiwa wazi, hata mkijaza mililita 20.

Dereva lazima aweze kutoka peke yake ndani ya sekunde 10. Mfanyieni mazoezi hayo kila siku ya kazi. Wa kwetu alianza na sekunde 23, kwa sababu kifungo cha mkanda kilikuwa chini ya kiwiko chake na usukani ulimzuia magoti. Tulihamisha vyote viwili, akafika 7. Nilimwambia mama yake mwenyewe namba hiyo kabla hajatia saini ya ruhusa.

Pa kujaribia

Msijaribu kwenye barabara kuu. Gari la kimo cha nusu mita halionekani na dereva wa matatu. Katika msimu wa mvua hoteli kadhaa hapa hufungwa, na baadhi zina maegesho mapana na njia za ndani za lami. Nendeni na barua ya shule na mwalimu, mzungumze na msimamizi kwa adabu, mwonyesheni gari. Sisi tulikataliwa mara mbili, ya tatu tukapewa na chai juu.

Kama hamna uwezo wa kusafiri kwenda mashindano makubwa, fanyeni yenu na shule jirani. Umbali uleule, chupa ileile, bomba la sindano lishikwe na mtu asiye wa kikundi chochote. Mkitaka kufunga kipande cha barabara ya mtaa, ombeni kibali cha polisi na cha kaunti mapema. Wazee wa mtaa nao waalikwe.

Jioni, gari likirudi bandani, lifuteni kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ili kutoa chumvi, mpake beringi, mliinue juu ya stendi matairi yasiguse chini. Lakini kabla ya kuliinua, dereva aingie, tieni ndoana, mlivute kwa mizani mara moja zaidi, na namba iandikwe pamoja na tarehe.